Daraja, mgandamizo wa hewa, ukubwa au maji: kimbunga kipimwe kwa kipi?

Ufuo wa jimbo la Mississippi, Marekani, umepigwa na vimbunga viwili ambavyo kila anayejifunza habari za vimbunga anapaswa kuviweka ubavu kwa ubavu. Cha kwanza ni Camille, Agosti 1969. Kilitua kikiwa na upepo wa kilomita 280 kwa saa, daraja la 5, lililo la juu kabisa katika kipimo cha upepo, na kikainua bahari zaidi ya mita 7. Cha pili ni Katrina, Agosti 2005. Kilipofika nchi kavu upepo wake ulikuwa umeshuka hadi kilomita 205 kwa saa, daraja la 3. Kwa hesabu ya madaraja, Katrina kilikuwa chini ya Camille kwa ngazi mbili nzima. Lakini katika mji wa Pass Christian, kwenye ufuo huo huo, kilipandisha maji kwa takriban mita 8.5. Wapo wakazi waliokataa kuhama kwa sababu nyumba zao zilisalimika mwaka 1969. Waliamini kwamba maji ambayo hayakuwafikia wakati wa daraja la 5 hayawezi kuwafikia wakati wa daraja la 3. Yaliwafikia, na wengine walifia humo humo ndani.

Ndiyo maana nasema swali la "kimbunga hiki kina nguvu kiasi gani?" halina jibu mpaka uulize kwanza: nguvu ya kufanya nini? Kung'oa paa ni jambo moja. Kusukuma bahari iingie mjini ni jingine. Kumwaga mvua siku nne mfululizo juu ya milima ni jingine kabisa. Vipimo vipo vingi, kila kimoja kina kazi yake, na kosa kubwa ni kuchukua kipimo cha kazi moja na kukitumia kwa nyingine.

Daraja la 1 hadi la 5: kipimo cha upepo, basi

Kipimo kinachotajwa kila mahali ni kile cha Saffir na Simpson. Herbert Saffir alikuwa mhandisi wa majengo wa Florida. Mwaka 1969 alipewa kazi ya Umoja wa Mataifa ya kuchunguza nyumba za gharama nafuu katika maeneo yanayopigwa na vimbunga, akaona hakuna njia nyepesi ya kueleza upepo wa kiasi gani unabomoa nini. Akatunga ngazi tano. Robert Simpson, aliyekuwa mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, akaongezea makadirio ya kupanda kwa bahari na mgandamizo wa hewa. Umma ulianza kukisikia miaka ya mwanzo ya 1970.

Ngazi zenyewe ni hizi, kwa kasi ya upepo katika kilomita kwa saa: daraja la 1 ni 119 hadi 153, la 2 ni 154 hadi 177, la 3 ni 178 hadi 208, la 4 ni 209 hadi 251, na la 5 ni 252 na kuendelea. Kuanzia daraja la 3 kimbunga huitwa kikubwa. Upepo unaohesabiwa ni wastani wa dakika moja, mita 10 juu ya ardhi au bahari, mahali palipo na upepo mkali kuliko pote katika kimbunga kizima.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Upepo wa juu kabisa hupatikana katika sehemu ndogo ya ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho, yaani kitovu tulivu cha kimbunga. Mtu aliye kilomita 100 kutoka hapo huenda asipate hata nusu yake, ilhali daraja linalosomwa redioni ni lile lile kwake na kwa aliye chini ya ukuta wa jicho.

Kwa kazi yake halisi, kipimo hiki ni kizuri na sioni haja ya kukibeza. Kani ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, kani inayosukuma ukuta na paa huwa mara nne. Kwa hiyo tofauti kati ya daraja la 2 na la 4 si ya ngazi mbili tu kwa mtu mwenye nyumba ya mbao. Andrew kilipoingia kusini mwa Florida mwaka 1992 kilikuwa mfano safi wa kimbunga cha upepo: hakikuwa kipana, kilipita haraka, na mitaa ya Homestead ikafyekwa na upepo kuliko maji. Mhandisi anayechagua misumari, vifungo vya paa na vioo vya madirisha hana sababu ya kutafuta kipimo kingine.

Shida ilianza pale watu walipolisoma daraja kama kipimo cha hatari yote. Mwaka 2010 Kituo cha Taifa cha Vimbunga kiliondoa rasmi makadirio ya bahari na mgandamizo kutoka kwenye jedwali, kwa sababu yalikuwa yakiwadanganya watu. Tangu hapo daraja linasema juu ya upepo peke yake. Uamuzi ulikuwa sahihi kisayansi, ila umma haukubadilisha masikio: mpaka leo wengi wakisikia "daraja la 1" wanasikia "kidogo".

Mgandamizo wa hewa: namba isiyosifiwa inavyostahili

Katikati ya kimbunga hewa ni nyepesi kuliko nje, na kadiri mgandamizo unavyoshuka ndivyo hewa ya pembeni inavyovutwa ndani kwa nguvu. Mgandamizo wa kawaida usawa wa bahari ni karibu milibari 1013. Wilma, Oktoba 2005, kilishuka hadi 882 katika Bahari ya Karibi, na hadi leo hakuna kimbunga cha Atlantiki kilichopimwa chini ya hapo. Gilbert cha 1988 kilifika 888. Kile cha Siku ya Wafanyakazi cha 1935, kilichopiga visiwa vya Florida Keys na kuua zaidi ya watu 400, wakiwemo wanajeshi wastaafu wengi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa wakijenga barabara, kilikuwa na milibari 892.

Faida ya kwanza ya mgandamizo ni kwamba unapimika. Upepo wa juu kabisa ni vigumu kuunasa, maana vifaa vya kuupima huvunjika au havipo pale unapopita. Lakini kipimahewa kinachopitiwa na jicho kinatoa namba moja iliyo wazi, na ndiyo sababu tunaweza kuzungumza kwa uhakika kiasi juu ya kimbunga cha 1935 kilichotokea kabla ya satelaiti na kabla ya ndege za uchunguzi.

Faida ya pili ndiyo inayonifanya niutetee. Mgandamizo hubeba ndani yake habari ya upepo na ya ukubwa kwa pamoja. Kimbunga kipana kinaweza kuwa na upepo wa wastani huku mgandamizo wake ukiwa chini sana. Utafiti wa Philip Klotzbach na wenzake, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba kwa vimbunga vilivyotua Marekani bara, mgandamizo unaashiria hasara vizuri kuliko kasi ya upepo. Tazama jedwali hili. Safu ya nne inatumia mipaka ya zamani ya mgandamizo, ile iliyokuwamo kwenye jedwali la Saffir na Simpson kabla ya 2010 (daraja la 5 chini ya milibari 920, la 4 ni 920 hadi 944, la 3 ni 945 hadi 964, la 2 ni 965 hadi 979).

| Kimbunga | Upepo kilipotua (km/saa) na daraja | Mgandamizo (milibari) | Daraja kwa mgandamizo | Kilicholeta madhara makubwa |
|---|---|---|---|---|
| Camille, 1969 | 280, la 5 | 900 | 5 | bahari na upepo pwani, mvua bara |
| Andrew, 1992 | 270, la 5 | 922 | 4 | upepo |
| Charley, 2004 | 240, la 4 | 941 | 4 | upepo |
| Katrina, 2005 | 205, la 3 | 920 | 4 | bahari, kuta za kuzuia maji kuvunjika |
| Ike, 2008 | 175, la 2 | 950 | 3 | bahari |
| Sandy, 2012 | 130, sawa na la 1 | 945 | 3 | bahari |
| Harvey, 2017 | 215, la 4 | 937 | 4 | mvua |
| Michael, 2018 | 260, la 5 | 919 | 5 | upepo na bahari |

Angalia Katrina, Ike na Sandy. Vyote vitatu vinapanda, Sandy kwa ngazi mbili, na vyote vitatu ni vile ambavyo watu walivipuuza kwa sababu ya daraja. Andrew, kwa upande wake, kinashuka, kwa kuwa kilikuwa chembamba. Na Harvey hakisogei popote, jambo linaloonyesha kwamba hata mgandamizo haujui chochote kuhusu mvua.

Ukitaka kulinganisha vimbunga vya enzi tofauti, au kukadiria kwa namba moja jinsi kimbunga kinachotua kitakavyoumiza ukanda wa pwani, chagua mgandamizo. Kama ningelazimishwa kubaki na namba moja tu, hiyo ndiyo ningebaki nayo.

Ukubwa: Charley na Ike

Charley kiliingia Florida Agosti 2004 kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Upepo wake wenye kasi ya kimbunga ulienea takriban kilomita 40 tu kutoka katikati. Kilipasua njia nyembamba ya uharibifu mkubwa, na bahari ilipanda kwa mita 2 hivi. Ike, Septemba 2008, kilitua Galveston, Texas, kikiwa na kilomita 175 kwa saa, lakini upepo wake wa kimbunga ulienea hadi kilomita 190 kutoka katikati. Kwa siku kadhaa kilikuwa kimeisukuma Ghuba ya Meksiko kuelekea pwani ile, na rasi ya Bolivar iliyo jirani ikafagiliwa na maji, nyumba kwa nyumba, hadi kwenye nguzo za msingi.

Kila mwenye kuishi karibu na bahari angeelewa haya mawili, angeacha kuuliza "ni daraja la ngapi?" na kuanza kuuliza "ni kipana kiasi gani?" Maofisa wa hali ya hewa wa Marekani walilijua hilo kabla Ike hakijatua. Waliacha lugha yao ya kawaida na kuwaambia wakazi wa nyumba za ghorofa moja au mbili za pwani kwamba wasipotii amri ya kuhama watakabiliwa na kifo cha hakika. Kwa kimbunga cha daraja la 2.

Mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya Ike, Mark Powell na Timothy Reinhold walikuwa wamependekeza kipimo kinachojumlisha nguvu ya mwendo wa upepo katika eneo lote la kimbunga badala ya sehemu moja yenye upepo mkali zaidi. Kwa kipimo hicho Sandy kinaizidi Katrina ya siku ya kutua, ingawa kwa upepo wa juu hakikaribii. Sandy kilikuwa kipana ajabu: upepo wa dhoruba ulitanda karibu kilomita 1,850 kutoka ukingo hadi ukingo. Kilifika New Jersey na New York usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012, mwezi ukiwa mpevu na bahari ikiwa katika bamvua, maji yakajaa juu ya kujaa. Katika vifo 72 vilivyosababishwa moja kwa moja na kimbunga hicho nchini Marekani, 41 vilitokana na maji ya bahari. Na wakati kinatua, kitaalamu hakikuwa hata kimbunga cha kitropiki tena. Kilikuwa kimegeuka dhoruba ya aina nyingine inayochota nguvu kwenye tofauti ya joto la hewa. Jina la aina yake lilibadilika saa chache kabla ya kutua. Maji hayakubadilika.

Kipimo cha Powell na Reinhold kina kasoro moja ya kiutendaji: kinadai ramani kamili ya upepo wote, na kwa vimbunga vya kabla ya satelaiti ramani hiyo haipo. Kwa hiyo ni chaguo zuri kwa mtafiti wa vimbunga vya miaka ya karibuni na kwa mpangaji wa ulinzi wa pwani, lakini huwezi kukitumia kuandika historia ndefu.

Maji, ambayo hakuna daraja linaloyahesabu

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi. Uchunguzi wa vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kuanzia 1963 hadi 2012 uligundua kwamba karibu nusu vilitokana na bahari kuvamia nchi kavu, na zaidi ya robo na mafuriko ya mvua. Upepo wenyewe, ile namba tunayoishikilia, ulichangia chini ya kifo kimoja kati ya kumi. Katika mwongo uliofuata mvua ilipanda hadi nafasi ya kwanza, na zaidi ya nusu ya vifo vikawa vya mafuriko ya mvua.

Mvua haifuati upepo. Inafuata mwendo wa kimbunga: kikienda polepole, kinamwaga mahali pamoja. Harvey kilitua Texas mwaka 2017 kikiwa daraja la 4, kikadhoofika haraka, kisha kikazubaa. Katika mji wa Nederland, huko huko Texas, zilipimwa milimita 1,539 za mvua. Vifo vya moja kwa moja vilikuwa angalau 68, na vyote isipokuwa vitatu vilitokana na mafuriko ya mvua. Hakuna hata kimoja cha bahari. Florence cha 2018 kilikuwa kimeshuka hadi daraja la 1 kilipotua North Carolina, na bado kikaacha zaidi ya milimita 900 katika baadhi ya sehemu.

Mfano unaouma kuliko yote ni Mitch. Oktoba 1998 kilifikia kilomita 285 kwa saa na milibari 905 kikiwa baharini, dunia nzima ikakitazama. Kisha kikadhoofika. Kilipoingia Honduras kilikuwa daraja la 1, na anayefuata daraja peke yake angedhani mabaya yamepita. Kikakaa juu ya milima ya Amerika ya Kati, mvua haikukatika, na mteremko wa mlima Casita nchini Nicaragua ukaporomoka na kufukia vijiji. Zaidi ya watu 11,000 walikufa. Hakuna kimbunga cha Atlantiki kilichoua wengi hivyo tangu kile kilichoitwa Kimbunga Kikuu cha 1780, ambacho kiliua zaidi ya 20,000 Barbados, Martinique na visiwa vya jirani.

Helene cha Septemba 2024 kimerudia somo hilo kwa njia nyingine. Kilitua Florida kikiwa daraja la 4, lakini maafa makubwa yakatokea mamia ya kilomita bara, kwenye mabonde ya milima ya North Carolina, mahali ambapo watu hawakuwa na desturi ya kuogopa vimbunga. Waliokufa kwa jumla walizidi 200.

Mtu wa pwani ya chini, basi, achague makadirio ya kupanda kwa bahari. Mtu wa bondeni au wa mlimani achague makadirio ya mvua na mwendo. Daraja liwe habari ya ziada.

Namba zile zile, bahari nyingine

Anayelinganisha vimbunga vya dunia nzima ajihadhari na mtego wa dakika. Marekani inahesabu wastani wa upepo wa dakika moja. Japani, Australia na kituo cha kisiwa cha La Réunion kinachosimamia kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi wanahesabu wastani wa dakika 10, na India dakika 3. Wastani wa muda mrefu daima hutoa namba ndogo zaidi. Haiyan, kilichoipiga Ufilipino Novemba 2013, kilikadiriwa na kituo cha pamoja cha jeshi la Marekani kuwa na kilomita 315 kwa saa, na shirika la hali ya hewa la Japani likasema 230. Hakuna aliyekosea sana. Rula zilikuwa mbili.

Majina nayo hayalingani. Daraja la 5 la Australia linapimwa kwa mpulizo wa ghafla unaozidi kilomita 279 kwa saa, kwa hiyo si daraja la 5 la Marekani. La Réunion hawatumii namba: wana kimbunga cha kitropiki kuanzia kilomita 118 kwa saa, kimbunga kikali kuanzia 166, na kimbunga kikali sana kinapozidi 212. India ngazi ya juu kabisa huanzia 222. Ukikuta orodha ya "vimbunga vikali vya dunia" ambayo haisemi wastani ni wa dakika ngapi, iweke kando. Hapa tena mgandamizo unaokoa: Tip cha 1979 kilipimwa milibari 870 katika Pasifiki ya magharibi, na namba hiyo ina maana ile ile kila mahali.

Kipi kilikuwa kikali kuliko vyote?

Kwa Atlantiki jibu linategemea safu unayosoma. Kwa upepo hakuna kilichozidi Allen cha 1980, kilomita 305 kwa saa. Kwa mgandamizo ni Wilma. Kwa vifo ni kile cha 1780, na kwa Marekani peke yake ni Galveston 1900, daraja la 4, ambapo inakadiriwa watu 8,000 walikufa kisiwa kilipofunikwa na maji. Kwa hasara kwa dola za wakati wake, Katrina na Harvey vinashika nafasi moja, kila kimoja takriban bilioni 125.

Lakini namba za kale zisichukuliwe kama msahafu. Kumbukumbu rasmi za Atlantiki zinaanzia 1851, na kwa miongo mingi zilitegemea meli zilizokuwa na bahati mbaya ya kukutana na kimbunga na vituo vichache vya pwani. Rubani Joseph Duckworth aliingia ndani ya kimbunga kwa ndege kwa makusudi karibu na Galveston Julai 1943, na uchunguzi wa angani ukaanza kuwa kazi ya kawaida baada ya hapo. Satelaiti zilifuata miaka ya 1960, na mbinu ya Vernon Dvorak ya kukadiria nguvu kwa umbo la mawingu miaka ya 1970. Vimbunga vingi vilivyoishi na kufa katikati ya bahari kabla ya hapo havikuandikwa na mtu.

Hata vya karibuni hubadilishwa. Andrew kilihesabiwa daraja la 4 kwa miaka 10. Ndipo vipimo vipya, vinavyodondoshwa kwa parachuti kutoka kwenye ndege, vikaonyesha kwamba upepo wa chini ulikuwa ukikadiriwa pungufu. Mwaka 2002 kikapandishwa hadi la 5. Camille kilishushwa kutoka makadirio ya awali ya karibu kilomita 305 kwa saa hadi 280 katika mapitio ya 2014. Michael kilipandishwa hadi daraja la 5 miezi sita baada ya kupiga Florida. Pamoja na kile cha 1935, hivyo vinne ndivyo pekee vilivyotua Marekani bara vikiwa daraja la 5. Mabadiliko haya ni ishara ya kazi nzuri, na anayeandika juu ya vimbunga atumie namba zilizopitiwa upya, si za magazeti ya siku ile.

Vifo pia hupitiwa upya. Maria, kilichopiga Puerto Rico 2017, kwanza kilihesabiwa kuwa kimeua 64. Mwaka uliofuata serikali ya kisiwa ikakubali makadirio ya 2,975, baada ya kuhesabu waliokufa miezi iliyofuata kwa kukosa umeme, dawa na hospitali. Kwa Katrina mapitio yalishusha: kutoka 1,833 hadi 1,392.

Misimu, kwa ufupi

Ukilinganisha miaka badala ya vimbunga, usihesabu majina. Msimu wa 2020 ulikuwa na dhoruba 30 zilizopewa majina, ukauzidi wa 2005 uliokuwa na 28. Lakini kipimo cha nguvu limbikizi, ambacho huchukua upepo wa kila saa sita, kuupandisha mraba na kujumlisha, kinaupa 2005 karibu 245 na 2020 karibu 180. Dhoruba nyingi za 2020 ziliishi muda mfupi na zilikuwa dhaifu. Msimu wa 1933, wenye dhoruba 20 tu zinazojulikana, bado unaongoza kwa karibu 259.

Je, liongezwe daraja la 6?

Mwaka 2024 Michael Wehner na James Kossin walijadili daraja la 6 la kinadharia kuanzia kilomita 309 kwa saa. Walitaja vimbunga vitano tangu 2013 ambavyo vingelifikia: Haiyan, Patricia, Meranti, Goni na Surigae. Vinne ni vya Pasifiki ya magharibi. Patricia, cha mashariki ya Pasifiki, Oktoba 2015, kilifikia kilomita 345 kwa saa na milibari 872 kabla ya kutua Meksiko. Hakuna hata kimoja cha Atlantiki.

Kama njia ya kuonyesha kwamba bahari inayopata joto inatoa kilele kirefu zaidi, hoja yao ni nzito na naikubali. Kama onyo kwa umma, siikubali. Daraja la 5 tayari linamaanisha kwamba nyumba nyingi za kawaida zitabomoka, na kilichobomoka hakibomoki mara ya pili. Ubaya zaidi, ngazi mpya juu ingeyashusha madaraja ya chini machoni pa watu, wakati Ike, Sandy, Florence na Mitch, vyote vilitua vikiwa la 2 au la 1.

Kilichosaidia zaidi ni hatua isiyovuma iliyochukuliwa 2017, Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilipoanza kutoa onyo la kupanda kwa bahari likiwa peke yake, lisilofungwa na daraja. Aliye kwenye njia ya kimbunga cha Atlantiki aanze kusoma hapo: je, eneo langu limo ndani ya onyo hilo, na maji yatafika kimo gani juu ya ardhi? Kisha asome makadirio ya mvua. Kisha upana wa upepo na saa utakapofika, kwa sababu kuhama kunapaswa kumalizika kabla yake. Ile pembe nyeupe inayochorwa kwenye ramani aitazame kwa tahadhari: inaonyesha tu mahali kitovu cha kimbunga kinaweza kupita, na kwa rekodi za nyuma kitovu hubaki ndani yake takriban mara mbili katika tatu. Haisemi lolote juu ya upana, na kuwa nje yake si kuwa salama. Daraja asome mwisho, akishaamua kama anaondoka au anabaki, ili ajue madirisha yafungwe kwa mbao za unene gani.